Maswali ya Wasomaji: Jua, Upepo na Zege la Zamani

Safari hii barua nyingi zinahusu majengo ya zege yaliyojengwa kati ya miaka ya 1950 na 1970, yale yenye kuta za matundu, paa bapa na veranda ndefu. Tumejibu tano.

Jengo langu la ghorofa tatu mjini Kisumu lilijengwa na marehemu baba mwanzoni mwa miaka ya 1960. Upande wa magharibi, unaotazama ziwa, umefunikwa kwa ukuta wa matofali ya matundu na nyuma yake kuna veranda. Mpangaji mpya anataka niuvunje niweke vioo vikubwa ili aone ziwa. Fundi wa aluminiamu ameshanipa bei. Mnanishauri nini? (Mama mwenye nyumba, Kisumu)

Mama, usiuvunje. Kisumu ina shida moja ambayo kila aliyejenga vizuri huko alianza nayo: jua kali la alasiri na upepo wa ziwa vinatoka upande mmoja, magharibi. Ukiziba kwa ukuta mzima unazuia upepo, na ukifungua dirisha kubwa unakaribisha jua. Ukuta wa matundu unakata jua na kuupitisha upepo, na aliyemchorea mzee wako ramani alilijua hilo.

Chukua futi upime tundu moja: urefu wake kwenda juu, na kina chake kutoka nje hadi ndani. Vikilingana, tundu hilo huzuia miale yote ya jua lililo juu ya nyuzi 45. Mji uko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo mwezi Machi na Septemba jua hushuka moja kwa moja magharibi. Tena jua la Kisumu hufika utosini karibu saa saba kasorobo, si saa sita kamili, kwa sababu mji uko mbali magharibi mwa mstari ambao saa za Afrika Mashariki zinafuata. Matundu ya namna hiyo basi yanakukinga hadi karibu saa kumi kasorobo. Kina kikiwa mara mbili ya urefu wa tundu, kinga inaendelea hadi karibu saa kumi na moja jioni. Mwanga mdogo unaopenya baada ya hapo unaishia sakafuni mwa veranda, na ndiyo maana veranda iliwekwa. Zege la ukuta ule hupata joto mchana kutwa. Lingekuwa limegusana na dirisha, joto hilo lingeingia chumbani.

Sasa weka kioo mahali pake. Mafundi wengi watakuambia kibaraza, yaani zege linalochomoza juu ya dirisha, kinatosha. Upande wa kaskazini na kusini ni kweli: kibaraza cha sentimita 90 hutia kivuli kiasi cha mita 2 za ukuta jua likiwa katikati ya anga, hata mwezi Juni na Desemba. Magharibi hesabu inageuka. Karibu saa kumi na moja kasorobo jua liko nyuzi 30 tu, na ili kufunika dirisha la mita 1.2 ungehitaji kibaraza cha zaidi ya mita 2. Wengine hupendekeza bapa za zege zilizosimama wima. Zikiwa zimenyooka kuelekea magharibi, mwezi Machi, ambao ni wa joto, jua hupita katikati yake bila kizuizi. Ni lazima zigeuzwe pembeni, au zikatizwe na bapa za kulala. Pazia la ndani nalo huchelewa, kwa kuwa joto limeshavuka kioo.

Kisha fikiria upepo. Dirisha la kuteleza la vipande viwili hufunguka nusu tu. Luva, yaani vipande vyembamba vya vioo vinavyogeuzwa, hufunguka karibu zote. Ukitoa ukuta wa matundu na kuweka dirisha la kuteleza, mpangaji atakuja kudai kiyoyozi, na bili ya stima italeta mazungumzo mapya ya kodi.

Hamu yake ya kuona ziwa ina haki. Chagua sehemu moja ya ukuta, kati ya nguzo mbili, utoe matofali kuanzia sentimita 90 hadi 150 kutoka sakafuni, uweke bapa za mbao ngumu za kulala, kina chake mara mbili ya mwanya uliopo kati yake. Kabla ya kutoa hata tofali moja, mhandisi athibitishe kwamba hakuna mzigo wa juu unaoegemea hapo, na mchoro upitishwe na kaunti. Matofali yanayotoka yahifadhi kwa ajili ya kurekebisha yaliyovunjika. Matundu mengine safisha kwa brashi na maji, kwani vumbi na viota vya ndege hupunguza upepo. Wavu wa mbu na wa wadudu wa ziwani uweke kwenye fremu zinazoweza kutolewa, upande wa ndani wa ukuta wa matundu, si dirishani. Wavu hupunguza kasi ya upepo, na ukiwa na eneo kubwa hupoteza kidogo.

Mitindo hii ilifikaje Kenya, na nani waliileta? Mwalimu anatuambia ni ya Ulaya tu. (Mwanafunzi wa ujenzi, Kisumu)

Mizizi ni ya Ulaya, lakini jua la hapa liliibadilisha sana. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, mafundi na wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa tayari wakijenga katika miji yetu maduka ya zege yenye roshani juu, njia ya watembea kwa miguu yenye kivuli chini, na ukuta wa mbele wenye kilele kilichopandishwa ngazi ngazi. Mwaka 1934 alifika Afrika Mashariki Ernst May, Mjerumani aliyekuwa amesimamia ujenzi wa maelfu ya nyumba za bei nafuu mjini Frankfurt kuanzia 1925, kisha akafanya kazi Umoja wa Kisovieti. Alikaa huku karibu miaka 20. Alichora mpango wa upanuzi wa Kampala na jengo la Makumbusho ya Uganda, na Kisumu aliifanyia kazi jumuiya ya Aga Khan. Ulaya alizoea kutafuta jua. Huku ilimbidi alikimbie.

Nairobi ilimpata Amyas Connell, mzaliwa wa New Zealand, aliyeshiriki kubuni jengo la Bunge na Hospitali ya Aga Khan iliyofunguliwa 1958. Dorothy Hughes alibuni Basilika ya Familia Takatifu. Baada ya uhuru serikali mpya ilitaka sura yake yenyewe: jumba la mikutano la KICC, lenye urefu wa mita 105, lilijengwa kati ya 1967 na 1973 kwa ubunifu wa Karl Henrik Nøstvik kutoka Norway pamoja na David Mutiso, Mkenya. Kwenu Kisumu, hospitali ambayo wenyeji bado wanaiita Russia ilijengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti ikafunguliwa Oktoba 1969. Ukitaka kujifunza, nenda na futi. Pima vina vya vivuli, andika kila upande unatazama wapi, na utaona nani aliyelielewa jua na nani aliyenakili picha.

Vipande vya zege vinaanguka kutoka kwenye bapa za kukinga jua kwenye madirisha ya bweni letu. Fundi alipiga plasta mwaka juzi, sasa imeanguka tena na kutu inaonekana. (Msimamizi wa shule, Bungoma)

Kwanza, leo hii weka kamba na uzio chini ya ukuta huo, wanafunzi wasipite.

Zege jipya lina alkali inayolinda chuma. Miaka ikienda, kaboni dioksidi ya hewani huingia na kuimaliza alkali hiyo, na ikikifikia chuma pamoja na unyevu, kutu huanza. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo hulipasua zege kutoka ndani. Bapa za madirisha huumia mapema kwa sababu ni nyembamba, na chuma chake huwa karibu sana na uso. Plasta ya mwaka juzi ilifunika kutu ikiwa hai.

Kazi sahihi ni hii. Gonga bapa zote kwa nyundo ndogo, na panapotoa sauti ya uwazi weka alama ya chaki. Kata kingo za eneo hilo wima kwa mashine, kina cha sentimita 1, maana kiraka chenye ukingo mwembamba hubanduka. Toboa hadi upite sentimita 2 nyuma ya chuma, ufuate kutu mpaka ufike penye chuma safi. Sugua ching'ae pande zote, hasa nyuma ambako wavivu hawafiki. Chuma kilichopungua zaidi ya moja ya tano ya unene wake kiangaliwe na mhandisi, huenda kikahitaji kingine kando yake. Paka rangi ya zinki. Lowesha zege lililobaki, kisha jaza mota ya saruji 1 kwa mchanga safi 3, iliyochanganywa na dawa ya kushikisha, kwa tabaka zisizozidi sentimita 2. Funika kwa magunia mabichi siku 7. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na mota iliyokaushwa na jua la siku ya kwanza hupasuka kando kando. Rangi ya kuzuia hewa na maji ije mwisho.

Slabu ya paa letu inavuja Kakamega. Niweke mabati juu? (Mwenye kliniki)

Unaweza, lakini tafuta kwanza maji yanapita wapi. Paa bapa lisiwe bapa kweli: linahitaji mteremko wa sentimita 1.5 kwa kila mita, na 2.5 ni bora. Mara nyingi uvujaji uko pembeni, pale tabaka la lami linapokutana na ukuta wa ukingo. Lami ipande ukutani sentimita 15 na ncha yake ifichwe kwenye mfereji uliokatwa. Kagua pia mabomba ya kutolea maji. Yawe mawili au zaidi, kwa sababu moja likizibwa na majani, mvua za Kakamega zitageuza paa kuwa bwawa, na kila sentimita 5 za maji ni kilo 50 kwa kila mita ya mraba. Ukiamua mabati, yainue juu ya slabu na uache pande wazi hewa ipite. Nguzo zake zisitoboe lami bila kuzibwa upya, la sivyo umeongeza matundu.

Nataka nyumba ya mtindo huo Nakuru, kuta za matundu kila upande. (Msomaji, Nakuru)

Mtindo uchukue, matundu yapunguze. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi. Kinachomponya mtu wa Kisumu kitakutia mafua. Weka matundu kwenye ngazi, ua na jikoni. Vyumba vya kulala vipe kuta nzito za mawe ya kuchonga na madirisha yanayofungika vizuri, na upande wa mashariki uache jua la asubuhi liingie.

Hofu yetu kubwa iko chini ya msingi. Sehemu za Nakuru zina udongo wa majivu ya volkano ambao maji huuzoa chini kwa chini, hadi ardhi inafunguka nyufa. Chimba mashimo ya majaribio kwenye pembe zote za nyumba kabla ya kuchora msingi, uulize majirani nyufa za zamani zilipita wapi, na usijenge juu ya mkondo wake hata kama umeshafukiwa. Maji ya paa yapeleke kwenye tangi au mtaro wa zege uliozibwa vizuri, kamwe usiyaache yamwagike ukutani.