Mwambie daktari wa koo habari za mabaka yako

Sauti ilianza kukwaruza shule zilipofunguliwa. Nafundisha darasa la tatu, watoto sitini na ushee, kwa hiyo sababu niliijua: kelele. Nikanywa tangawizi na asali. Nikapewa vidonge zahanati, mara mbili. Wiki ya saba hata ugali ulikuwa unakwama.

Daktari wa masikio, pua na koo alinipitishia puani mpira mwembamba wenye kamera, akaona uvimbe juu kidogo ya nyuzi za sauti. "Mama, unavuta sigara?" Sivuti. Habari ya ngozi hakuuliza, nami sikusema. Kwangu koo ni koo. Mabaka ya mapajani na makalioni yana daktari wake. Na jibu la maabara lilikuwa nyumbani, kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro: limfoma ya ngozi (saratani ya seli za kinga), aina ya maikosisi fungoidi.

Jina hilo, lenye maana ya fangasi, limetuponza wengi. Alibert, daktari Mfaransa aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1806, aliona vivimbe vinavyofanana na uyoga. Fangasi hamna. Ni saratani ya seli T, askari wa kinga ya mwili walioasi na kupiga kambi ngozini. Mimi nilipaka dawa za fangasi miaka minne kabla mtu hajakata kinyama akapime. Kwenye ngozi nyeusi mabaka huweza kuwa meupe-meupe tu, yakadhaniwa mba, au hata ukoma.

Kwa wengi ugonjwa huu hukaa ngozini miaka na miaka bila kwenda popote. Kushuka kooni ni nadra sana, na mara nyingi huwa umeshakomaa. Basi usikeshe kwa kila kikohozi. Ila sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, au chakula kikikwama, nenda ukaangaliwe. Pumzi ikianza kutoa mlio, usingoje kukuche.

Na ubebe karatasi zako. Kinyama cha kwanza cha koo kilirudi na jibu kwamba ni uvimbe wa kawaida tu. Nilipopeleka ile bahasha (mdogo wangu ndiye aliyenilazimisha), daktari aliandika kwenye fomu kwamba nina limfoma ya ngozi. Maabara wakakipima upya kwa rangi za kutambua seli T, na zile zilizoasi zilikuwepo. Kinyama kilekile! Taja pia krimu za steroidi unazopaka, hata za dukani, maana zinaweza kuficha ugonjwa unapopimwa ngozi.

Limfoma hii huyeyuka vizuri kwa mionzi. Mate yalinikauka, nikaishi kwa uji wa mchele wiki kadhaa, lakini sauti imerudi, nzito kidogo. Bahasha sasa inakaa kwenye mkoba, na kwenye simu nina picha za kila baka, zenye tarehe.