Konekta ya pampu haipangwi kwa jicho

Swali: Nachora mifumo ya maji kwa Revit, programu ya kuchora majengo kwa kompyuta, hapa Jinja. Nina familia ya pampu, yaani modeli moja inayobadilishwa saizi, yenye saizi mbili, 32-125 na 32-160. Nikibadili saizi, konekta, zile sehemu za kuungia mabomba, zinabaki pale pale, na bomba la kutolea maji linachomoka kuelekea ndani ya pampu. Mwenzangu ananiambia nizivute tu kwa mausi mpaka zikae vizuri. Nifanye hivyo?

Jibu: Usizivute, ndugu yangu. Ushauri huo umeharibu michoro mingi mno. Watu wanaichukulia konekta kama alama ya kupendezesha mchoro, ilhali imebeba mambo manne: mahali ilipo, inakotazama, kipenyo chake na mfumo inaouhudumia. Ukiivuta kwa jicho umegusa jambo moja, tena kwa saizi moja. Ukichagua saizi nyingine kosa linarudi.

Konekta ikiwekwa juu ya uso wa umbo, Revit huikalisha katikati ya uso huo na haibanduki. Kwa hiyo kinachopangwa ni uso. Chora mabapa ya rejea, yale ya mistari ya kijani iliyokatika, pale flanji, ile sahani ya kufungia bomba kwa boliti, inapokaa kweli. Yape vipimo vyenye majina. Kisha tengeneza silinda fupi ya flanji, uifunge kwa kufuli kwenye mabapa hayo, na konekta uiweke juu ya uso wake wa nje. Bapa likihama, flanji inahama na konekta inafuata.

Vipimo navyo havitoki kichwani. Kwa pampu za EN 733, kanuni ya Ulaya ya vipimo vya pampu, 32-125 ina milimita 112 kutoka chini ya miguu hadi kitovu cha shafti, na 140 kutoka hapo hadi uso wa flanji ya juu: jumla 252. Kwa 32-160 ni 132 na 160: jumla 292. Hizo milimita 40 za tofauti ndizo konekta yako inazoziacha nyuma. Zote mbili zina 80 kutoka uso wa flanji ya kufyonzea hadi mstari wa kati wa ile ya kutolea. Kama pampu yako haifuati kanuni hiyo, shika karatasi ya vipimo ya mtengenezaji.

Bomba linaingia ndani kwa sababu mshale wa konekta unatazama ndani; ichague, bonyeza alama ya kugeuza. Angalia pia kama unaombwa kipenyo au rediasi: ukiandika 50 ya flanji ya kufyonzea mahali pa rediasi, utapata bomba la 100.

Kinachoniudhi zaidi ni modeli za bure za mtandaoni, na flashi zinazouzwa zikiwa na maelfu ya familia. Nyingi ni boksi lililoletwa kutoka programu nyingine, na konekta imebandikwa katikati ya ubavu. Kwenye skrini bomba linaunga vizuri, na mchoraji anaridhika. Kumbe fundi atakata na kuchomelea mabomba kwa kufuata mchoro huo, na akifika kwenye pampu flanji hazikutani. Atazivuta kwa boliti. Mvuto huo unahamia kwenye gamba la pampu, shafti inapotoka mstari wa mota, kapilingi inayoviunganisha inatetemeka, sili inavuja. Lawama anaibeba fundi bomba, wakati kosa lilifanywa ofisini.

Kwa hiyo familia yoyote, yako au ya kupakua, ifungue kwanza katika mradi mtupu. Weka pampu mbili, moja uizungushe nyuzi 90, unga mabomba pande zote, kisha badili saizi mabomba yakiwa yameshaungwa. Kata sekisheni, yaani mchoro wa mkato, upime kutoka chini ya miguu hadi flanji ya juu. Isiposoma 292 kwa 32-160, rudi kwenye mabapa, usiguse konekta.