ps inasema 3, top inasema 380: ipi ya kweli?

Mkuu, kama nimekuelewa, seva yako ya Linux ina kore 4 (vitengo vya kazi ndani ya prosesa). Amri ya `ps aux` inaonyesha programu ya Java inakula asilimia 3 ya prosesa, amri ya `top` inaonyesha 380. Zote ziko sahihi, ila zinapima vitu tofauti.

`ps` inachukua muda wote wa prosesa ambao programu imetumia tangu iwashwe, inaugawa kwa umri wake. Programu iliyolala siku 10, kisha ikachachamaa saa moja kwa 380, `ps` itaipa chini ya 2. Kwa hali ya sasa hivi, usiitegemee kabisa.

`top` inapima sekunde chache zilizopita, na 100 yake ni kore moja. Ukiwa ndani yake bonyeza Shift+I. 380 itageuka 95, yaani kore zako zote karibu zimejaa.

Kisha endesha `vmstat 1 5`, inayopima mashine nzima mara 5, kila sekunde. Mstari wa kwanza utupe, huo ni wastani tangu mashine iwake. Tazama safu ya `st`: kama seva ni ya kukodi na namba hiyo iko juu na haishuki, mashine mama (seva halisi inayobeba yako) inawapa wengine zamu yako. Hapo mwandikie mtoa huduma, wewe huna la kurekebisha. Safu ya `wa` (muda wa kusubiri kusoma na kuandika) ikiwa juu, mshukiwa ni diski.

Usikimbilie `kill -9` (kuua programu kwa nguvu), hasa kama Java hiyo inaandika kwenye hifadhidata. Anza na `top -H -p` ikifuatiwa na namba ya mchakato (PID) wa Java, uone uzi upi (thread, sehemu ya programu inayofanya kazi yake yenyewe) unakula prosesa.