Kwa mnaoanza kujenga programu dhibiti ya Deluge

Vijana wanaopita studio hapa Mtwara wakaiona Deluge mezani, ile ala ya kielektroniki ya kutunga na kupiga muziki, huuliza jambo lile lile: nitaingizaje kitu changu humo ndani? Hamu hiyo naipenda sana. Synthstrom Audible wa New Zealand waliufungua msimbo wa programu dhibiti, yaani maandishi ya programu inayokiendesha chombo hiki, mwaka 2023 kwa leseni ya GPL, inayoruhusu kila mtu kuutumia na kuubadili, kwa hiyo ruhusa unayo. Ila wadogo zangu, nawaomba moja: usiguse hata herufi ya msimbo kabla hujaijenga programu kama ilivyo, yaani kuugeuza msimbo kuwa faili ambalo chombo kinaweza kuliendesha, ukaiweka kwenye chombo, na chombo kikapiga. Ukianza na mabadiliko halafu kitu kikagoma, utahangaika usiku kucha bila kujua kama tatizo ni msimbo wako, kompyuta au kadi.

Tuanze na kadi ya SD, ile ya kumbukumbu inayoingia kwenye chombo. Itoe, nakili mafolda yote, SONGS, SAMPLES, SYNTHS na KITS, uyaweke kwenye kompyuta na ikiwezekana kwenye flashi pia. Wimbo uliohifadhiwa kwa toleo jipya la programu unaweza kukataa kufunguka ukirudi toleo la zamani. Na kama umerekodi ngoma za sindimba kijijini, wale wapigaji hutawakusanya tena kirahisi. Kadi iwe na mpangilio wa mafaili wa FAT32. Zile za zaidi ya GB 32 kwa kawaida huuzwa zikiwa na mpangilio mwingine, exFAT, kwa hiyo ifomati upya kwanza, nakala ikiwa tayari pembeni.

Msimbo unaupata GitHub, tovuti ya kuhifadhi misimbo, unaushusha kwa Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo. Ndani yake kuna kifaa kiitwacho dbt, na hicho ndicho kinachofanya kazi nzito. Ukikiendesha mara ya kwanza kitashusha vikorokoro vyote vya kujengea, navyo si vidogo, basi fanya hatua hii penye intaneti ya uhakika, si kwa bando la kubahatisha. Kisha, kwenye dirisha la amri (terminal) ndani ya folda la msimbo, andika:

./dbt build release

Neno la mwisho lina uzito. Ukiweka debug badala ya release utapata programu nzito, inayofaa kuwinda makosa. Sauti zikiwa nyingi itaanza kukwama, nawe utadhani umeharibu chombo.

Ikimaliza, tafuta deluge.bin, faili la programu iliyojengwa, ndani ya folda la build. Linakili kwenye kadi, nje ya mafolda yote, na uondoe .bin nyingine yoyote iliyopo hapo. Rudisha kadi chombo kikiwa kimezimwa, bonyeza SHIFT uishikilie, ndipo uwashe. Tulia mpaka skrini ikwambie imemaliza. Usizime katikati. Deluge ina betri yake, kwa hiyo ichaji vizuri kabla. Umeme ukikatika wakati huo hutakuwa na wasiwasi. Toleo rasmi la .bin lihifadhi kwenye kompyuta, maana ndilo utakalolirudisha kwa njia hii hii mambo yakienda kombo.

Sasa jaribu kwa masikio. Fungua wimbo wako wenye sauti nyingi kuliko zote, vaa hedifoni, uache uzunguke. Uhifadhi kwa jina jipya, zima, washa, ufungue tena. Wengi wanaridhika taa zikishawaka tu, na mimi sikubaliani nao kabisa: chombo cha jukwaani kinapimwa kwa kupigwa.

Ukishavuka hapo, badiliko la kwanza liwe dogo na la kuonekana kwa macho. Mimi hupendekeza faili la english.json, lenye maneno ya menyu. Badili neno moja liwe la Kiswahili, fupi, jenga, weka, ulitazame kwenye skrini. Kama Deluge yako ni ya zamani, yenye skrini ya herufi nne, faili lako ni seven_segment.json, na hapo ufupi ni lazima.

Kila badiliko liwekee tawi lake kwenye Git, yaani mkondo wake wa kando wa msimbo, na uandike umegusa nini. Siku mwenzako wa Lindi akikuomba .bin yako, GPL inakutaka umpatie na msimbo wake. Ukiwa na matawi safi, unamtumia kiungo tu.