Kabla Hujachimba Udongo, Mwone Mkemia

Nilipokuwa mwaka wa mwisho chuoni, nilikusanya udongo wa mashamba ya mahindi ili nipime zinki, nikauchanganya ndani ya ndoo ya bati niliyoazima kwa mwenyeji wangu. Mahindi ya pale yalikuwa na mistari myeupe pande mbili za mshipa wa kati wa jani, dalili ya upungufu wa zinki, lakini majibu ya maabara yalionyesha zinki tele. Nilikwisha kuandika kurasa mbili nikieleza ajabu hiyo, ndipo fundi sanifu mmoja, mzee mpole, aliponiuliza, "Mwanangu, ulichanganyia kwenye chombo gani?" Bati hupakwa zinki ili lisishike kutu. Nilichokuwa nimepima ni ndoo.

Leo ni mimi ninayepokea sampuli za wenzetu wa kilimo, bayokemia na kemia isokaboni, na wengi wao hutuletea mifuko kama mtu apelekaye mahindi mashineni, wakitarajia kurudi jioni kuchukua unga. Ushauri wangu ni kwamba umwone mkemia wa uchanganuzi, yaani yule anayepima kilichomo ndani ya sampuli na kiasi chake, kabla ya kuchimba, umweleze swali lako la utafiti lote, si jina la elementi unayotaka ipimwe tu.

Chukua mfano wa fosforasi. Sehemu kubwa ya fosforasi iliyomo udongoni haifikiwi na mizizi, kwa hiyo tunachopima ni kile kinachotolewa na kimiminika tulichokichagua, nacho huchaguliwa kwa kuutazama udongo wenyewe. Njia ya Bray na Kurtz, ya mwaka 1945, inafaa udongo wenye asidi. Ukiipeleka kwenye udongo wenye chokaa nyingi, chokaa huimaliza asidi ya kimiminika kabla haijafanya kazi yake, nawe unaambiwa fosforasi ni haba hata kama ipo. Kwa udongo wa namna hiyo tunatumia njia ya Olsen ya mwaka 1954, ambayo kimiminika chake ni bikaboneti ya sodiamu yenye pH 8.5, yaani isiyo na asidi. Nimesoma tasnifu iliyoweka namba za njia hizi mbili katika jedwali moja na kuzilinganisha, kisha ikamshauri mkulima kiasi cha mbolea, yaani fedha yake.

Katika protini mtego ni mwingine. Njia ambayo Johan Kjeldahl aliibuni mwaka 1883, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, hupima naitrojeni, si protini. Namba inayopatikana huzidishwa kwa 6.25 kwa kukadiria kwamba protini ina naitrojeni asilimia 16. Ndiyo maana mwaka 2008 nchini China maziwa yaliyotiwa maji na melamini, kemikali yenye naitrojeni nyingi, yalipita vipimo vya namna hii, na watoto wakaugua figo. Urea nayo ina naitrojeni nyingi bila kuwa protini, kwa hiyo anayetafiti chakula cha ng'ombe kilichotiwa urea na atuambie mapema.

Kwa wa kemia isokaboni nitasema kidogo, maana hao hutusikiliza zaidi: kiwanja (kampaundi) cha shaba chenye rangi nzuri ya buluu bado hakijathibitika kuwa safi mpaka asilimia za elementi zake zikubaliane na fomula uliyoiandika.

Unapopanga bajeti, usihesabu sampuli zako peke yake. Katika kila kundi weka sampuli tupu iliyopita hatua zote bila udongo, rudia baadhi ya sampuli, na tia moja ambayo kiwango chake kinajulikana, kisha dai majibu ya hizo pamoja na yako. Vipimo hivyo vya ziada huonekana ghali, na msimamizi wako huenda akataka kuvifuta. Afadhali upunguze idadi ya mashamba.