Kompaila yako itoe C, au ipite kwenye uwakilishi wa kati?

Kwa anayeandika kompaila yake ya kwanza, yaani programu ya kutafsiri msimbo wa lugha moja kwenda nyingine, ushauri wangu ni huu: toa msimbo wa lugha ya C, lakini usiruke kutoka kwenye mti wa sintaksia (muundo wa programu baada ya kusomwa) hadi C kwa hatua moja. Weka katikati uwakilishi wako mwenyewe, yaani lugha ndogo ya ndani ya kompaila, hata ukiwa na amri chache tu.

C inavutia kwa haki. Karibu kila prosesa ina kompaila yake ya C, na kazi ngumu ya kugawa rejista (nafasi chache za kuhifadhi thamani ndani ya prosesa) na kuharakisha msimbo unaikuta imeshafanywa. Bjarne Stroustrup alianza C++ kwa njia hiyo: Cfront ilisoma C++ ikatoa C. TypeScript, iliyotoka 2012, hutoa JavaScript, na kwayo ndiyo njia sahihi kabisa, maana ukishafuta aina zake za data kinachobaki karibu chote ni JavaScript tayari. Kipimo changu kiko hapo: maana ya lugha yako iko karibu kiasi gani na maana ya lugha unayoitoa?

Lugha ninayoitunza inaahidi kwamba hoja za fanksheni (thamani inazopewa) hukokotolewa kutoka kushoto kwenda kulia. Anayeandika punguza(soma(), soma()) anaitegemea ahadi hiyo. C haiitoi. Kompaila moja inaweza kuanza na hoja ya kulia, nyingine ya kushoto, na hakuna iliyovunja kanuni. Dawa ni kuvunja usemi: t1 = soma(); t2 = soma(); kisha punguza(t1, t2). Sawa. Sasa usemi huohuo ukae upande wa kulia wa alama ya “na”, &&. Huwezi tena kupandisha t1 juu, kwa sababu upande wa kushoto ukiwa si kweli, soma() haitakiwi kuitwa kabisa. Inabidi && igeuke kuwa if. Hapo tayari unaandika uwakilishi wa kati, ila umetawanyika ndani ya fanksheni za kuchapisha maandishi, ambako hakuna namna ya kuukagua.

Namba kamili zenye alama hasi na chanya nazo zina mtego wake. Zikifurika, yaani zikizidi ukubwa unaoweza kuhifadhiwa, C haisemi kitatokea nini, na kompaila huchukulia kwamba jambo hilo halitokei. Kama lugha yako inaahidi namba kuzunguka (kurudi upande wa pili wa safu yake), fanya hesabu kwa unsigned, aina isiyo na alama hasi, au tumia chaguo la -fwrapv kwenye kompaila za GCC na Clang.

Kuna wanaokimbilia moja kwa moja LLVM, mradi wa zana za kujengea kompaila wenye uwakilishi wake wa kati. Ninauheshimu sana, ila uwakilishi wake hubadilika toleo hadi toleo. Vielekezi, yaani thamani zinazoshika anwani za kumbukumbu, vilipopoteza aina zao humo, kompaila zilizouegemea zililazimika kurekebishwa. Ukiwa na uwakilishi wako, marekebisho yanabaki kwenye sehemu ndogo ya mwisho. Kompaila ya lugha ya Rust hutumia LLVM, lakini ina uwakilishi wake wa kati, MIR, juu yake, na ukaguzi wa mikopo (kuhakikisha data inaazimwa kwa usalama) hufanyika humo, mahali ambapo maana ya Rust bado inaonekana.

Kitu cha kwanza kuandika ni kichapishi cha uwakilishi wako wa kati, yaani msimbo wa kuuonyesha kama maandishi, majaribio yako yalinganishe maandishi yake badala ya C inayotoka. Kila amri ibebe namba ya mstari wa chanzo tangu siku ya kwanza, ili baadaye uweze kutoa #line (amri ya C inayotaja mstari wa chanzo) na debaga, programu ya kutafutia makosa, imwonyeshe mtumiaji msimbo alioandika yeye.