Kanji Hupendeza Zinapotambulika: Ushauri kwa Anayejifunza Kijapani

Msemaji wa Kiswahili anayeanza kujifunza Kijapani hupata mwanzo mwepesi, kwa sababu irabu tano za lugha hiyo zinakaribiana mno na zetu, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu kama tulivyozoea. Hiragana na katakana, mifumo miwili ya alama za silabi ambayo kwa pamoja huitwa kana na ambayo kila mmoja una alama 46 za msingi, humalizika ndani ya wiki chache kwa mtu mwenye bidii. Kisha huja kanji, yaani alama zenye asili ya Kichina zinazobeba maana, na hapo ndipo nilipowaona wanafunzi wenzangu wengi, wenye akili na ari, wakiacha masomo. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida, kama ilivyorekebishwa mwaka 2010, ina kanji 2,136, na mtu anayeitazama ikiwa imepangwa safu kwa safu kurasani haoni ndani yake kitu cha kumvuta.

Ushauri wangu unatokana na jambo moja ambalo miaka ya kusoma na kuishi Tokyo ilinithibitishia: raha ya kanji imo katika kuitambua. Unapoikuta kanji mahali ambapo hukuitarajia, ukaielewa bila kufungua kamusi, moyo hufurahi, na kanji hiyo haikutoki tena. Basi anayetaka kuzipenda kanji na apange masomo yake kwa namna itakayoileta furaha hiyo mapema na mara kwa mara.

Anza na vipande vinavyoziunda. Karibu kila kitabu hukuonyesha kwamba 木 ni mti, 林 ni kichaka cha miti, 森 ni msitu, na kwamba mtu akiegemea mti tunapata 休, kupumzika. Mifano hii inapendeza, lakini inamalizika haraka, kwa kuwa kanji zilizotokana na picha ni chache. Sehemu kubwa ya kanji imejengwa kwa vipande viwili, kimoja kikidokeza maana na kingine kikidokeza sauti, na ninasikitika kwamba walimu wengi huwachelewesha wanafunzi kulijua hili.

Chukua 青, ambayo peke yake ni rangi ya buluu, na katika maneno mengine hata kijani, na ambayo sauti yake ya asili ya Kichina ni sei. Iwekee kipande cha maji upate 清, usafi. Iwekee jua upate 晴, anga iliyotakata. Iwekee mchele upate 精, kusafisha na kuchambua hadi kilicho bora kibaki. Iwekee kipande cha kusema upate 請, kuomba au kudai, ambayo utaiona kwenye ankara nyingi nchini Japani. Zote nne husomwa sei. Ipo pia 情, yenye kipande cha moyo, ambayo maana yake ni hisia na ambayo mara nyingi husomwa jō, kwa hiyo usitarajie kanuni isiyo na mapungufu. Hata hivyo, anayejua neno pika hahitaji kuanza upya anapokutana na mpishi, mapishi na upishi, na anayeijua 青 hupata unafuu wa namna hiyo hiyo. Tafuta familia za aina hii, uziandike kwenye daftari lako mwenyewe, na uziongeze kila unapogundua ndugu mpya.

Usomaji wa kanji moja kwa njia nyingi ndio unaowachosha watu zaidi. 生 husomwa kwa njia moja katika gakusei (mwanafunzi), kwa nyingine katika tanjōbi (siku ya kuzaliwa), na kwa nyingine tena katika ikiru (kuishi), umareru (kuzaliwa) na nama (kibichi). Hata ndani ya neno moja, nichiyōbi, yaani Jumapili, linaloandikwa 日曜日, kanji ya kwanza na ya mwisho ni ile ile lakini sauti ni mbili. Hakuna furaha yoyote katika kukariri orodha ya sauti zisizo na maneno. Jifunze neno zima, ulitumie katika sentensi, na sauti zitajipanga zenyewe kichwani kadiri maneno yanavyoongezeka.

Aliye Japani ana kitabu cha kanji kila anapotoka nje. Mimi nilijifunza mengi kwenye reli ya Yamanote, inayoizunguka Tokyo kupitia stesheni 30, ambako kila kibao cha jina huandikwa kwa kanji, kwa kana na kwa herufi za Kirumi, kiasi kwamba swali na jibu vinakaa pamoja. Ukiwa umekaa dirishani utaiona 新, maana yake mpya, katika Shinbashi, Shinjuku na Shin-Ōkubo. Utaiona 田, shamba la mpunga, katika Kanda, Tamachi, Gotanda na Takadanobaba, na utasikia jinsi ta inavyogeuka da katikati au mwishoni mwa jina. Tamachi na Yūrakuchō zote huishia kwa 町, mji au mtaa, moja ikisomwa machi na nyingine chō. Kuna Meguro, 目黒, jicho jeusi, na Mejiro, 目白, jicho jeupe, majina ambayo kwa mapokeo huhusishwa na sanamu za Fudō, mlinzi anayeheshimiwa katika dini ya Kibudha. Nilipokuwa nikisafiri nilikuwa nikijiuliza kabla ya mlango kufunguka: jina la stesheni ijayo litaandikwaje?

Wewe uliye Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa hujanyimwa shule hiyo, maana magari yaliyotumika Japani yanafika kwetu na maandishi yake. Nyuma ya lori dogo tafuta 最大積載量, ikifuatwa na tarakimu za kilo: ni uzito wa juu kabisa wa mzigo, na ndani yake imo 大, kubwa, na 量, kiasi. Katika basi dogo tafuta 非常口, mlango wa dharura. Kanji ya mwisho hapo, 口, ni mdomo, na ukishaijua utazielewa pia 入口, mahali pa kuingilia, na 出口, mahali pa kutokea. Ubavuni mwa basi la rangi za kuvutia huenda ukasoma 幼稚園, ukajua kwamba liliwahi kuwabeba watoto wa chekechea. Piga picha ya maandishi usiyoyajua, uende ukayatafute nyumbani. Kanji uliyoitafuta kwa hamu yako mwenyewe hudumu kuliko ile uliyopangiwa.

Chagua pia eneo moja unalolipenda, liwe muziki, bustani, mpira au chakula, na uzijue kanji zake hata kama hazimo katika orodha za shule. Kwa upande wangu ilikuwa samaki. Baadhi ya migahawa ya sushi hutumia vikombe vya chai vilivyoandikwa majina ya samaki pande zote, na kila jina lina 魚 upande wa kushoto. Kibua ni 鯖, samaki pamoja na ile buluu yetu. Iwashi, jamii ya dagaa, ni 鰯, samaki pamoja na udhaifu. Tara, samaki wa msimu wa baridi, ni 鱈, samaki pamoja na theluji. Hizi mbili za mwisho hazikutoka China, Wajapani walizibuni wenyewe, na napenda sana kuona watu waliopokea maandishi ya wengine wakayaongezea yao.

Andika kwa mkono, hata kama simu inakuandikia. Fuata utaratibu wa mistari kama ulivyofundishwa, kwa kuwa mkono hukumbuka yale ambayo jicho huyapita. Ukipata brashi na wino, anza na 永, ambayo kwa mapokeo ya waandishi wa hati huchukuliwa kuwa na aina nane za msingi za mistari. Programu za kadi za marudio, kama vile Anki, zinasaidia sana, lakini tia ndani yake maneno uliyokutana nayo wewe.

Kwa anayetaka kipimo, upo mtihani wa Kanken unaotumiwa na Wajapani wenyewe. Daraja la 10 lina kanji 80 za darasa la kwanza, daraja la 5 linafika mwisho wa shule ya msingi kwa kanji 1,026, na daraja la 2 linazifunika zote 2,136. Anza na zile 80 bila haraka: 木, 森, 休, 青, 日, 生, 田, 町, 目, 白, 口, 入, 出 na 大 zimo zote humo.